Shauri Lisiloahidi Kitu

Mtu aliyezaliwa mlimani Kilimanjaro hahitaji kuelezwa kihamba ni nini. Kwa msomaji wa kwingine niseme tu kwamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa chini ya kivuli cha migrivea, banda la ng'ombe nyuma ya nyumba, mfereji unaopita kando, na makaburi ya waliotutangulia. Kwa desturi yetu ya zamani mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu yake anapooa, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na wa kati hutazamiwa kwenda kutafuta maisha kwingineko. Mabinti, kwa desturi hiyo hiyo, hawatajwi kabisa. Mimi ni wa kati, na kihamba chetu kiko upande wa Vunjo.

Baba yangu hakuifuata desturi hiyo neno kwa neno. Alipokuwa bado na nguvu zake alinikatia kipande upande wa juu, kinachopakana na barabara, akapanda masale kuonyesha mpaka, na shahidi wake alikuwa baba yangu mdogo. Isale ni mmea wa majani marefu ambao kwetu una kazi mbili kubwa: hupandwa mpakani, na jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi au kuleta suluhu, na aliyeletewa jani hilo huona vigumu sana kukataa. Karatasi haikuandikwa. Baba mdogo alifariki kabla ya baba, na baba alipofuata, aliyebaki akijua mpaka ule ulipokuwa ni Mama, mimi, na kaka yangu mkubwa.

Nilikuwa nikifanya kazi Morogoro, na kama Wachaga wengi nilikuwa nikipanda nyumbani mwezi wa Desemba. Desemba ya kwanza baada ya msiba niliyakuta masale yameng'olewa na kupandwa upya karibu kabisa na mfereji, hivi kwamba sehemu yote ya barabarani ilikuwa imeingia upande wa kaka. Udongo ulikuwa bado haujashikamana kwenye mashina. Habari za barabara ile kuwekwa lami zilikuwa zimekwisha kuenea, na kila mtu alijua eneo la pembeni mwake lingekuwa na thamani gani. Nilipomwuliza, kaka alijibu kwa utulivu kwamba baba alibadilisha maneno siku zake za mwisho, wakati mimi nikiwa mbali. Mama alikuwepo, na hakusema kitu.

Ushauri haukukosekana. Wenzangu kazini walinishauri kufungua shauri mara moja kabla kaka hajajenga, kwa kuwa ukishaona msingi umemwagwa kesi inakuwa nyingine. Binamu zangu waliniambia nirudi na vijana, ning'oe masale na kuyarudisha mahali pake usiku ule ule. Kulikuwa pia na mtu aliyejulikana mjini kama nabii, ambaye rafiki yangu mmoja alinipeleka kwake kwa nia njema. Alinisikiliza kwa muda mfupi, akafumba macho, akaniambia kwamba Mungu amemwonyesha ardhi ile ikirudi mikononi mwangu kabla ya mwaka kwisha, na kwamba kilichobaki ni mimi kupanda mbegu ya imani, kiasi ambacho yeye mwenyewe alikitaja. Nakiri kwamba kati ya yote niliyoambiwa kipindi kile, hayo ndiyo yaliyoniingia vizuri zaidi masikioni, kwa sababu yalikuwa ndiyo niliyokuwa nikiyaomba. Sikutoa pesa, lakini sababu yake haikuwa imani iliyokomaa. Sikuwa nazo.

Mtu niliyemwendea kwa hiari yangu ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri kule nyumbani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye alinifundisha kusoma na baadaye akawa miongoni mwa walioniandaa kwa kipaimara. Wote tulimwita Mwalimu, hata wachungaji. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nikamsaidia kubeba, tukaketi barazani, nikamweleza tangu mwanzo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na mstari wangu mkononi, Mithali 22:28, unaokataza kuondoa mpaka wa zamani uliowekwa na baba zako, na niliusoma kwa sauti ya mtu anayetoa kielelezo mahakamani.

Mwalimu aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, mstari huo kaka yako anapaswa kuusoma. Wewe hukupewa ili umsomee. Wa kwako ni upi?"

Sikuwa na wa kwangu. Akanituma nikasome sehemu tatu kabla ya kurudi kwake, na nikaona baadaye kwamba alizichagua kwa akili nyingi kuliko nilivyodhani. Ya kwanza ni Mwanzo 13, ambapo Abramu, aliyekuwa mkubwa kwa umri na mwenye ahadi ya nchi nzima kutoka kwa Mungu mwenyewe, anamwachia Lutu achague kwanza kwa sababu wao ni ndugu, na Lutu anachagua bonde la Yordani lenye maji. Ya pili ni Luka 12, ambapo mtu mmoja katikati ya umati anamwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, na Yesu anakataa kuwa mgawanyi, halafu anawageukia wote na kuwaonya juu ya choyo. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo mara nyingi kanisani bila kutambua kwamba huyo mtu ambaye jina lake halikutajwa huenda alikuwa na haki. Hakuna mahali panaposema kwamba alikuwa akidai kisicho chake. Yesu hakujadili haki yake hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye moyo wake, na hilo lilinikera kwa siku nyingi.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonizuia kumdharau Mwalimu kama mzee anayehubiri upole kwa sababu ugomvi unamchosha. Ilikuwa 1 Wafalme 21, habari ya Nabothi. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, akauawa kwa kukataa huko, na Mungu akamtuma Eliya kumhukumu mfalme. Kwa hiyo Biblia ile ile inamsifu aliyeachia na kumtetea aliyekataa kuachia. Niliporudi nilimwuliza Mwalimu mimi ni nani kati ya hao wawili, Abramu au Nabothi, na akacheka, akasema hilo ndilo swali alilotaka nije nalo.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Shamba la Nabothi lilikuwa riziki yake na ya watoto wake, na aliyelitaka alikuwa mwenye nguvu aliyekuwa na kila kitu. Kuachia kungekuwa kumsaidia mfalme kuzoea kudhulumu. Abramu hakuwa akipoteza riziki, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mtoto wa ndugu yake. Akaniuliza: ukikosa kipande hicho, watoto wako watalala njaa? Nikasema hapana, nina mshahara. Ukikipata kwa hukumu, mama yako atakula Krismasi na nani? Sikujibu. Je, kuna mwingine katika nyumba yenu ambaye hana mshahara wala kihamba, na ambaye hakuna aliyemtaja tangu umeanza kuzungumza? Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamzungumzia dada yangu.

Kisha akanipa shauri lake, ambalo lilikuwa fupi. Nisiende kwenye baraza la ardhi kabla sijakwenda nyumbani kwa kaka, na nisiende kwa kaka kabla sijaweza kumwombea nikimtaja kwa jina bila kumshtaki mbele za Mungu. Nikifika nimwambie ukweli wote ninaoujua kuhusu mpaka, mara moja, bila kuurudia, kisha nimwachie achague. Na nimshirikishe mtu anayejua sheria, ili amani tutakayoipata isije ikawa ugomvi wa watoto wetu.

Nilimwuliza kama anaamini kaka ataguswa moyo na kunirudishia sehemu ya barabarani. Nilitegemea mzee wa kanisa aseme ndiyo, Mungu ni mwaminifu. Akasema hajui, na kwamba kwa jinsi anavyomfahamu kaka yangu tangu darasa la kwanza, hadhani sana. Akaniombea, na katika ombi lake hakumwomba Mungu anirudishie kitu. Nilitoka pale nikiwa na uzito kuliko nilivyoingia. Yule nabii wa mjini alikuwa ameniambia yatakayotokea na kunyamaza juu ya ninachopaswa kuwa. Mwalimu aliniambia ninachopaswa kufanya na kukataa katakata kunitabiria. Tangu hapo ndivyo ninavyoupima ushauri unaoletwa kwa jina la Mungu, na kipimo kingine ni hiki: anayenishauri atapata nini nikimfuata? Mwalimu hakuwa na cha kupata isipokuwa uwezekano wa kulaumiwa na ukoo mzima.

Mwanasheria nilimpata katika usharika ninaoabudu Morogoro, mama mmoja mkimya anayeimba kwaya. Niseme wazi kwamba bila yeye shauri la Mwalimu lingeweza kuniletea madhara, na nadhani wakristo wengi huishia hapo, wakiamini kwamba ukishapata neno la kiroho karatasi ni ukosefu wa imani. Alinieleza kwamba kwanza ardhi ile bado ni ya baba kisheria, haijawa yangu wala ya kaka, mpaka kikao cha ukoo kikae, muhtasari wake upelekwe Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi wa mirathi ateuliwe. Wakati ule baraza la kata lilikuwa bado na mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3, kabla sheria haijarekebishwa mwaka 2021 na kuliachia kazi ya kusuluhisha. Eneo letu lilizidi kiwango hicho, kwa hiyo kama tungeshindana tungepelekana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na pengine kutoka hapo Mahakama Kuu. Alinitajia miaka ambayo kesi za namna hiyo huweza kuchukua. Na bila mimi kumwuliza aliongeza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, hivyo kama tunaandika mapatano, dada awemo au yasiandikwe.

Nilimweleza kwamba Mwalimu naye alimtaja dada. Akanikumbusha mabinti wa Selofehadi katika Hesabu 27, waliosimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao, na Mungu akamwambia Musa kwamba wamesema haki. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja akiwa Vunjo na kitabu cha sala, mwingine Morogoro na vitabu vya sheria, walikuwa wameweka kidole mahali pamoja. Mithali 15:22 inasema makusudi huthibitika kwa wingi wa washauri, na kabla ya hapo nilidhani maana yake ni kukusanya kura. Wengi waliokubaliana nami hawakunifundisha chochote. Hawa wawili walinitoa nilipokuwa nimesimama, kila mmoja kwa upande wake.

Kumwombea kaka kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia, na sitaki kulipamba. Wiki za mwanzo ombi langu lilianza na jina lake na kuishia kwenye masale yaliyong'olewa. Kilichosaidia hatimaye kilikuwa kitu kidogo: niliacha kumwombea atubu nikaanza kumwombea ng'ombe wake, ambaye nilisikia ana ugonjwa wa kiwele, na kahawa yake, na mtoto wake aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Mtu huwezi kumtakia mwenzako maziwa kila asubuhi ukaendelea kumtamani barazani kwa hasira ile ile.

Nilipanda nyumbani baada ya masika. Nilikwenda kwa kaka nikiwa na jani la isale, jambo lililomshangaza shemeji, kwa kuwa kwa hesabu ya kila mtu aliyestahili kulileta ni mume wake. Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Nilieleza mpaka ninaoujua, mahali kila shina lilipokuwa, na nani alikuwepo siku ya kupandwa. Kisha nikasema kwamba sitakwenda barazani, achague upande anaoutaka, lakini ninaomba mambo mawili: tuandike, na dada apate sehemu yake katika maandishi hayo.

Kaka alikaa kimya muda mrefu. Alisema, "Mdogo wangu, wewe unanitega." Nikamwambia hapana. Akasema atafikiri. Baada ya siku chache alituma ujumbe kwamba anabaki na upande wa barabarani, mimi nichukue wa chini kando ya mfereji, na dada apewe kipande kinachofuata nyumba ya wazazi, ambacho mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekubali kukiachia. Hakurudisha hata hatua moja. Tuliandika, ukoo ukakaa, Mama akaweka dole gumba, muhtasari ukapelekwa mahakamani, msimamizi akateuliwa, na mgawanyo ukaandikishwa kijijini. Mwalimu alikuja akafungua kikao kwa sala, akanywa chai, akaondoka kabla ya mazungumzo ya mipaka kwa kuwa, alisema, hayo si kazi yake.

Msomaji aliyezoea shuhuda za kanisani atakuwa anasubiri sehemu ambayo kipande cha mferejini kilifunua baraka kubwa. Kinatoa ndizi na majani ya ng'ombe. Kaka alijenga fremu za maduka barabarani, zimepangishwa zote, na kila Desemba ninapita mbele yake nikiingia nyumbani. Kuna miaka ninapita bila kuwaza, na kuna miaka ninajikuta nimehesabu kodi ya mwezi kichwani kabla sijafika getini. Sijapata kusikia kwamba Abramu aliacha kabisa kulitazama lile bonde.

Lililotokea ni jingine, na sikulitazamia. Miaka michache baadaye ndoa ya dada yangu ilivunjika kwa namna ambayo haifai kuelezwa hapa, naye akarudi nyumbani na watoto wawili. Kwa mila angekuwa mgeni kwenye kihamba cha kaka zake, akipewa chumba kwa huruma ya yeyote atakayeamua kumhurumia mwaka huo. Alirudi kwenye ardhi yenye jina lake. Alijenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, akapanda mboga, akafuga kuku wa kienyeji, na ndiye aliyemuuguza Mama mpaka mwisho, akiwa karibu naye kwa hatua chache tu. Msimamizi wa mirathi aliyesimamia karatasi zile ni kaka, na hajawahi kumsumbua, jambo ambalo ninamheshimu kwalo.

Je, Mungu alipanga nipoteze barabara ili dada apate mahali pa kuishi? Nimeulizwa hivyo katika jumuiya, na wengine wangependa nijibu ndiyo. Siwezi. Sikuwepo katika baraza la Mungu, na nafikiri kuna ukatili fulani katika kumweleza mwanamke aliyeumizwa kwamba maumivu yake yalikuwa kipengele cha mpango uliohitaji ardhi. Ninachoweza kusema ni kidogo kuliko hicho: nilipotii shauri sikujua litamfaa nani, na aliyefaidika hakuwa mimi.

Ndiyo maana siku hizi ninausoma Yeremia 29:11 tofauti na wanavyouandika kwenye kalenda. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," asema Bwana, na sisi hukimbilia mawazo ya amani na tumaini. Mstari unaotangulia, wa 10, unasema jambo hilo litatimia baada ya miaka 70, maana yake wengi walioisikia barua hii ya Yeremia kwa waliohamishwa ikisomwa huko Babeli wangekufa kabla. Na juu zaidi, mstari wa 5, wanaambiwa cha kufanya wakati huo: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake. Katika sura hiyo hiyo kuna manabii wanaolaumiwa kwa kuwatabiria watu uongo, na sura ya 28 inamtaja mwingine wa namna yao, Hanania, aliyeahidi kwamba nira ya Babeli ingevunjwa katika miaka miwili tu. Mimi namwelewa vizuri mtu aliyemwamini Hanania. Hata mimi ningependelea miaka miwili.

Mwalimu ametangulia mbele za haki, na kwa kuwa habari yetu inajulikana kijijini, vijana wameanza kuja kwangu wakitaka ushauri wa mambo ya ardhi, ndoa na kazi. Desemba iliyopita alikuja mtoto mkubwa wa kaka, yule niliyemwombea mtihani, sasa ana mke. Amegombana na baba yake juu ya fremu: moja aliahidiwa, na imepangishwa kwa mtu mwingine. Alitaka nimwambie afanye nini, na pia, nadhani, alitaka kusikia kutoka kwangu kwamba baba yake ndivyo alivyo tangu zamani.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilimwomba anisubiri, nikaenda bandani nikawapa ng'ombe majani ambayo hawakuyahitaji, na nilipotoka nikamwambia kwamba katika jambo hili mimi si mshauri anayemfaa, kwa kuwa eneo analolizungumzia lina historia na mimi, na hata nikimpa neno zuri halitakuwa safi. Alikasirika kidogo. Nikampigia simu mchungaji wetu mpya, binti mwenye umri usiozidi wake sana, ambaye hajui mpaka wetu ulikuwa wapi wala hana sababu ya kujali, nikamwuliza kama ana nafasi jioni ile. Alikuwa nayo. Nikampa kijana pikipiki yangu, akaenda, akarudi usiku, akaniwekea ufunguo mezani na kusema amepewa sura za kusoma. Sikumwuliza ni zipi.